Bango limefika, sauti imebaki ng'ambo

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wenzangu wa vituo vidogo vya redio: mafundi mitambo, watu wa masoko, na zaidi wale mameneja wanaosaini malipo ya bango bila ya kumuuliza fundi. Ni kisa cha kituo cha Unguja kilichosimamisha mabango Pemba, ambako sauti yake haifiki. Jina la kituo nimelificha, mwaka sitautaja, mfanyabiashara aliyemo nimembadilishia bidhaa, na mabango mawili nimeyahamisha kutoka pale yalipokuwa kweli. Masafa ya kituo nitayaita "tisini na kitu". Mimi mwenyewe nimo ndani ya kisa, na si kama shahidi tu.

Hali ilivyokuwa

Kituo kipo mjini Unguja, cha mtu binafsi, wafanyakazi hawafiki ishirini hata ukimhesabu mlinzi. Taarabu asubuhi, michezo mchana, salamu jioni, na usiku kipindi kimoja cha mjadala ambacho ndicho kilichokipa jina. Mtambo umekaa juu ya kigongo nje kidogo ya mji. Unguja haina milima ya kusema. Pahala palipo juu kabisa panapita mita 100 kwa kidogo tu kutoka usawa wa bahari. Ukijumlisha kigongo na mnara wenyewe, antena ilikuwa mita 160 hivi juu ya bahari.

Kwa Unguja hiyo inatosha. Nungwi, kilomita 45 hivi kutoka penye mtambo, redio inashika bila ya taabu. Makunduchi nako inashika, ukiacha mabonde machache ya upande wa mashariki ambako inakwaruza.

Sasa tizama Pemba. Kwa mstari ulionyooka, kutoka penye mtambo hadi Mkoani ni kilomita 95 hivi, hadi Chake Chake 115, hadi Wete 130. Mawimbi ya FM huenda karibu sawa na jicho linavyoona: pale dunia inapojipinda, nayo huanza kukukimbia. Kuna hesabu nyepesi ambayo kila fundi anaijua. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita hadi upeo wake. Antena ya mita 160 inafika kilomita 52. Msikilizaji naye ana upeo wake. Aliyekaa kwenye kilima cha Pemba, mita 40 juu ya bahari, ana kilomita 26. Jumla 78. Mkoani ipo 95. Yaani hata huyo wa kilimani bado yupo kilomita 17 nyuma ya mgongo wa dunia, na aliyekaa pwani ndio kabisa. Na asiseme mtu kwamba nimeupunja mtambo: ile 4.12 tayari imeshahesabu kule kupinda kidogo kwa mawimbi yanapopita hewani.

Hesabu hiyo hakuna aliyeipiga kabla ya mabango kusimama. Mwenye kituo hakuona haja, na sababu yake ninaiheshimu. Yeye ni mtoto wa Wete. Amekua akisikiliza Sauti ya Tanzania Zanzibar kwa mawimbi ya kati kutoka Dole, kilohezi 585, kwenye redio ya mbao iliyowekwa dirishani ili baraza nzima isikie. Mawimbi ya kati ni kiumbe chengine: hutambaa juu ya uso wa bahari, na maji ya chumvi huyabeba vizuri kuliko nchi kavu. Kwa mtu aliyelelewa na redio ile, Unguja kusikika Pemba si jambo la kuuliza. Lilikuwa kama jua kuchwa.

Namna ilivyotokea

Mwanzo wa mambo ni safari moja ya mwezi wa Februari, kaskazi imekaza. Mwenye kituo alikwenda Pemba kwenye harusi, akashuka Mkoani, akaazimwa gari. Baada ya magharibi, akiwa njiani kwenda Chake, akafungua redio. Ikaingia safi, hata pumzi ya mtangazaji inasikika. Akapiga simu studio pale pale: "Nipo Mtambile, nakusikieni kama nipo Michenzani!" Studio wakashangilia. Mtangazaji wa zamu akatoa salamu hewani kwa "wasikilizaji wetu wote wa Pemba".

Alichokisikia kilikuwa kweli. Usiku wa joto, bahari shwari, hewa ya moto hulala juu ya hewa iliyopoa karibu na maji, na katikati yake mawimbi hunaswa yakapita masafa marefu kama maji ndani ya bomba. Bomba hilo huja na kuondoka. Huweza kudumu saa mbili, huweza kudumu siku mbili, halafu upepo ukibadilika linavunjika. Mwenye kituo aliujaribu mtambo wake mara moja, na mara yenyewe ikawa usiku mzuri kuliko zote za mwaka.

Mwezi uliofuata, mtu wa masoko akawa anatengeneza kipeperushi cha kuwapelekea wafanyabiashara. Alihitaji ramani, na hapa ndipo ninapoingia mimi. Nilikuwa miongoni mwa mafundi waliofunga mtambo ule, na ramani ya usikivu niliituma mimi. Ilikuwa na rangi tatu: kijani iliyokoza, kijani hafifu, na manjano. Manjano ilikuwa imegusa kusini mwa Pemba, Kengeja na Mkoani. Maana yake ilikuwa "baadhi ya nyakati, kwa antena iliyoinuliwa mita 10". Maelezo hayo yaliandikwa chini ya ramani kwa herufi ndogo, na mimi sikuongeza hata mstari mmoja wa kuyafafanua. Nilituma nikaenda kula.

Msanifu wa kipeperushi aliona rangi tatu zinamchafulia kazi, akazifanya kijani moja. Halafu akaona kisiwa nusu kijani nusu cheupe kinachukiza, akakijaza hadi Konde. Nilipomuuliza baadaye alinijibu kwa utulivu kabisa: "Mimi nilidhani ile ni picha."

Akatokea mfanyabiashara, tuseme anauza mabati. Msimu wa karafuu ulikuwa unakuja, na kila mwenye duka Unguja anajua maana yake: karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba, na zikishauzwa watu huezeka, huoa, hununua. Alitaka matangazo yake yafike kule kabla fedha haijafika. Akauliza swali moja tu: "Pemba mnasikika?" Mtu wa masoko akampa kipeperushi. Mfanyabiashara akakitizama, akakirudisha mezani. "Karatasi hata mie nachapisha. Nionyesheni kuwa mpo."

Hapo ndipo yalipozaliwa mabango. Matano: moja bandarini Mkoani, mawili Chake, moja Wete, moja njia ya Konde. Vibali vililipiwa mabaraza, vyuma vikachomelewa, turubai zikachapishwa Dar es Salaam. Picha ya mtangazaji wa mjadala amekunja mikono, masafa kwa tarakimu kubwa nyekundu, na chini yake: *Sauti yako, Unguja na Pemba.*

Yalisimama mwezi wa Juni, kusi linavuma.

Wiki za mwanzo simu zilikuwa nyingi, na zote kituo kilizihesabu kuwa habari njema. Watu wa Pemba walikuwa wanapiga kuuliza masafa. Yameandikwa kwenye bango, herufi za urefu wa mtoto wa skuli, na bado wanauliza! Hakuna mtu studio aliyejiuliza kwa nini. Walikuwa wameshajaribu, hawakupata kitu, wakadhani wamesoma vibaya.

Mfanyabiashara ana shemeji yake mwenye duka Wete. Shemeji akasubiri mteja aje aseme "nimesikia redioni", hakuja. Akakaa barazani na redio yake usiku mara mbili, saa ambazo tangazo lilitakiwa kupita. Mara ya kwanza mchakacho mtupu. Mara ya pili akapata tangazo la mabati kweli, la duka la Tanga. Akapiga simu Unguja akicheka, na shemeji yake wa Unguja hakucheka.

Upimaji

Niliitwa mwezi wa Agosti. Nilichukua redio tatu: ya gari ya kukodi, kiredio cha betri cha bei ndogo kabisa nilichokinunua Darajani, na simu yenye FM. Wengi wanasahau kwamba simu hutumia waya wa spika za masikioni kuwa antena. Ukiuchomoa, inakwambia huna redio. Ya gari ina antena ndefu nje, chini yake bati pana, na imesimama juani peupe. Mwenye kituo alipimia hiyo. Mama aliyeko jikoni Vitongoji anasikiliza kiredio kilichowekwa juu ya kabati, ndani ya kuta za mawe.

Nilikaa siku tisa, kutoka Mkoani hadi Konde, alfajiri, mchana na usiku. Mkoani kwenye mwinuko, gari ilishika alfajiri na usiku, kiredio kilikoroma. Chake gari ilishika usiku mbili katika tisa. Kutoka Chake kwenda kaskazini sikupata kitu cha kuandika isipokuwa dakika kumi na mbili za taarabu Wete, usiku wa manane, kisha ikazama katikati ya ubeti.

Nikapanda gari ya abiria, njia ya 606, kutoka Chake kurudi Wete, nikakaa mbele. Tulipolipita bango nikamuuliza dereva kama redio ile anaifungua.

"Ipi? Ile?" Akaonyesha kwa kidevu. "Ile redio ya kutizama, bwana."

Abiria nyuma wakacheka, nikaelewa kuwa si utani wa siku ile. Dereva akanizungushia masafa mwenyewe, kama anayemuonyesha mgeni jambo la kijiji. Mchakacho, kisha sauti ikaibuka, mwanamke anasoma matangazo, mji anaoutaja ni Tanga. "Basi ndio hao," akasema, akarudisha muziki wake.

Hili nalo si ajabu. Wete hadi Tanga ni kilomita 70 hivi; hadi mjini Unguja ni karibu mara mbili yake. Nyuma ya Tanga kuna milima ya Usambara, na antena ikikaa mita 1,000 juu, upeo wake peke yake ni kilomita 130. FM ina tabia ya kibabe: vikikutana vituo viwili kwenye masafa yale yale, au yanayopakana na redio yenyewe ni ya bei rahisi, mwenye nguvu humeza mwenziwe mzimamzima. Hazichanganyiki kama kwenye mawimbi ya kati. Kwa hivyo bango la Wete lilikuwa linawafungulia watu kituo cha mtu mwengine, kwa gharama zetu.

Jambo lililonifunza zaidi ya vipimo vyangu nililikuta shambani, upande wa Mtambile. Vijana walikuwa wanachuma karafuu. Mmoja yupo juu, pakacha limening'inia kiunoni, simu mfukoni, waya masikioni. Nikamuuliza kwa sauti kubwa anasikiliza nini. Akanitajia kituo chetu! Nikawasha kiredio changu chini ya mti: mchakacho. Nikamwambia hapana, hiyo siyo. Akateremka matawi mawili kunithibitishia, akasimama, akaguna. "Huku chini inakoroma," akasema. Akapanda tena. "Huku ipo."

Mkarafuu uliokomaa unafika mita 10 na kupindukia. Ramani yangu, kama ramani zote za namna hiyo, ilichorwa kwa msikilizaji mwenye antena ya mita 10. Kupanda kutoka urefu wa mtu hadi huko kunaweza kukuongezea desibeli 10 hivi, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kwa hivyo ile manjano haikuwa uongo. Ilikuwa inamuhusu kijana yule, akiwa juu ya mti, wakati wa kuchuma.

Maamuzi, na kwa nini

Tulikaa mezani watu watano. Nilianza na kipimo kinachotumika duniani: mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, yanataka, kwa stereo (sauti ya njia mbili), desibeli 54 vijijini, 66 mijini na 74 katika miji mikubwa. Kwa mono (njia moja) ni 48, 60 na 70. Chini ya hapo mtu anaweza kukusikia, lakini huwezi kumuahidi.

Mwenye kituo alitaka tuongeze nguvu ya mtambo. Nilimuonyesha kwamba ukitoka kilowati 1 ukaenda 2, unapata desibeli 3 na bili ya umeme. Ukitaka desibeli 20, zidisha nguvu mara 100. Na hata hivyo leseni haimruhusu mtu kujiongezea anavyopenda. Hilo likafa kwa haraka.

Mono tulikubaliana. Mjadala wa usiku ni maneno matupu, hauhitaji stereo, na mkwaruzo hupungua sana kwa walioko pembezoni. Haikuwa dawa ya Pemba. Ilikuwa dawa ya yale mabonde ya mashariki ya Unguja, ambayo tulikuwa tumeyasahau huku tukihangaika na kisiwa cha pili.

Mtambo mdogo wa kurushia matangazo hapo hapo Pemba ndilo jawabu halisi, na ni refu: masafa yanaombwa TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kibali cha utangazaji Tume ya Utangazaji Zanzibar, kiwanja, mnara, umeme, mlinzi, na njia ya kuifikisha sauti kule kutoka studio. Na masafa yatakuwa mengine, si tisini na kitu. Ina maana kila bango lingelazimika kuchapwa upya hata kama lingebaki pale pale. Maombi yakaamuliwa yaandikwe.

Ugomvi ukaja kwenye mabango. Mimi nilisema yateremshwe yote kesho. Mwenye kituo akakataa. Akasema: "Nikiyateremsha nitaonekana nimekimbia. Na kule ni kwetu." Mtu wa masoko akasema nafasi zimelipiwa mwaka mzima. Tukazunguka humo karibu saa nzima.

Aliyetutoa ni katibu muhtasi wa kituo, dada wa Kengeja ambaye alikuwa ameitwa kuandika kumbukumbu tu. Aliomba ruhusa kwanza. Kisha akasema, "Mimi nikienda nyumbani sifungui redio yetu, kwa sababu najua haishiki. Lakini nikirudi, nikishuka bandari ya Malindi tu, naifungua. Sasa lile bango la Mkoani limewatizama wanaoshuka. Kwa nini lisiwatizame wanaopanda?"

Kimya. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa amewahi kufikiria bango limeelekea wapi. Fundi wa vyuma alilielekeza upande ambao lori lake lilikuwa limeegeshwa.

Ikaamuliwa: la Mkoani ligeuzwe na maneno yabadilishwe, *Ukishuka Unguja, tufungulie tisini na kitu.* Mawili ya Chake na la Wete yateremshwe, vyuma viende Unguja, njia ya Nungwi. La Konde libaki hadi mkataba uishe. Hili la mwisho sikulikubali na wala sikuelezwa sababu yake. Nadhani ni kwa vile lilikuwa mbali na hakuna aliyetaka kumlipa fundi nauli.

Mfanyabiashara alirudishiwa nusu ya fedha, na nusu iliyobaki akapewa muda kwa upande wa kaskazini Unguja. Mtu wa masoko alikuwa anataka apewe "muda wa ziada" badala ya fedha, kama vituo vingi vinavyofanya. Mwenye kituo hapo alisimama imara. Alisema mtu aliyenunua Pemba halipwi deni lake kwa kupewa Unguja mara mbili.

Matokeo

Bango la Mkoani lilifanya kazi kuliko yote matano. Kwenye kipindi cha salamu wakaanza kupiga watu wanaosema "ndo kwanza nashuka boti", na mtangazaji, ambaye ni mjanja, akawatengea dakika zao jioni boti inapoingia. Kikawa kipande cha kipindi. Wanawasalimu waliowaacha Pemba, ambao kwa hakika hawawasikii, na hakuna anayejali. Anayesalimu anajua kuna ndugu mwengine Kwahani au Magomeni atakayemsikia na kumpigia mama simu.

Mabango ya njia ya Nungwi hayakuleta kelele wala malalamiko. Yapo.

Jina la "redio ya kutizama" lilivuka bahari kabla yetu. Hilo ndilo lililoniuma. Miezi miwili baadaye mtu wa masoko aliingia duka moja Mwanakwerekwe, mahali ambapo redio yetu inashika hata ndani ya friji, na mwenye duka akampokea kwa jina hilo. Shemeji, binamu, mpangaji: Pemba na Unguja ni nyumba moja yenye milango miwili, na neno halihitaji mnara.

Turubai la Wete aliliomba mlinzi wa kiwanja. Nilipopita tena msimu uliofuata nililiona nyuani kwa mtu, limefunika karafuu kwenye majamvi kwa sababu wingu lilikuwa limetanda. Masafa yamekaa kichwa chini. Mtangazaji wetu amekunjwa kifuani.

Maombi ya mtambo wa Pemba, ninapoandika haya, bado yako kwenye makaratasi.

Uchambuzi

Swali la mfanyabiashara, "Pemba mnasikika?", halikuwa na kosa. Kosa ni kwamba lilijibiwa na mtu asiyeweza kulijibu, kwa karatasi iliyopita mikono mitatu. Neno "inasikika" peke yake halina uzito. Inasikika wapi, saa ngapi, msimu gani, kwa redio ya aina gani, ndani au nje ya nyumba? Leo nikitoa ramani naandika mambo hayo ndani ya ramani yenyewe, juu ya rangi, kwa herufi ambazo msanifu hawezi kuzifuta bila ya kujua anafuta nini. Manjano siitoi tena kwa watu wa masoko. Wanapewa kijani iliyokoza tu.

Upimaji wa mwenye kituo ulikuwa na kasoro tatu kwa pamoja: gari, usiku, kaskazi. Ungefanywa mwezi wa Julai, saa nane mchana, kwa kiredio cha Darajani kilichowekwa ndani ya nyumba, mabango yasingejengwa. Ni kazi ya siku mbili na nauli ya boti. Ukilinganisha na turubai tano za Dar es Salaam, ni bure.

Simu za wasikilizaji waliokuwa wakiuliza masafa zilikuwa ndiyo taarifa ya kwanza ya tatizo, na zilikuja bila ya kulipiwa. Kituo hakikuwa na daftari la kuandika nani kapiga, yuko wapi, na anataka nini. Sasa lipo, analiandika yule yule katibu muhtasi.

Kuhusu mahali pa kuweka bango, mimi mwenyewe nilibadilika. Nilikwenda mezani na fikra moja, kwamba bango nje ya eneo la usikivu ni upotevu. Bandari ya Mkoani ilinikosoa. Pale usikivu ni mbovu na bango ni zuri, kwa sababu anayelisoma baada ya saa chache atakuwa Malindi. Lile la Wete lilikuwa linasomwa na watu wanaokwenda sokoni na kurudi nyumbani, na nyumbani kwao ni Wete. Ukilipima bango kwa pale liliposimama, yote mawili ni makosa. Ukilipima kwa pale msomaji wake anapokwenda, moja linasalimika.

Neno *Pemba* kwenye turubai ndilo lililogeuza kasoro ya kiufundi kuwa dharau. Watu wa Pemba wamezoea vitu vya Unguja kuishia Unguja. Bango lisilotaja kisiwa chao lingepita kama tangazo la kawaida. Hili liliwaambia "sauti yako", na walipoitafuta hawakuipata.

Mtu wa masoko hadi leo hakubaliani nami kwa jambo moja. Anasema mabango yalifanya kazi yake, kwa sababu kabla hayajateremshwa yalileta wafanyabiashara watatu wapya, wote wa Unguja, walioyaona walipokwenda Pemba kwa shughuli zao wakadhani kituo kimekua. Ni kweli, mikataba nimeiona. Nilimuuliza wangapi kati ya hao watatu walirudi msimu wa pili. Akaniambia mmoja, mwenye hoteli ndogo Malindi, karibu na bandari.